Pijo Haitachemka Tena Mbele ya Wakwe

Jumatano, 3 Desemba 2025

Aibu! Pijo, gari yangu, imechemka tena. Na si mahali popote. Mlimani, juu ya Chepseon, mbele ya Kiplimo mwenyewe.

Niandike kwa utaratibu. Binti yangu Valary anaolewa Jumapili tarehe 14, kanisani Kedowa, na Kipyegon, mtoto wa Kiplimo. Kijana mzuri. Baba yake pia si mbaya, ila ana gari kubwa nyeusi, mpya, ndani baridi kama friji.

Tulikuwa njiani kwenda kwao kupanga harusi. Mimi, mke wangu Kemuma, na Mzee Omwenga wa kanisa letu kiti cha nyuma. Mshale wa joto ulianza kupanda hata kabla ya kilima. Halafu mvuke. Halafu harufu. Mzee Omwenga alitoka garini kabla haijasimama, na ana miaka sabini na mbili.

Kiplimo alikuwa ametutangulia na gari yake. Akarudi nyuma, akashuka polepole na mtungi wa maji wa lita ishirini mkononi. Inaonekana siku hizi anaubeba kwa ajili yangu. Akaniita bamwai, ndivyo Wakipsigis wanavyomwita mkwe mwenzao, akasema hii "Bijo", anavyoitamka yeye, imefanya kazi yake, sasa ipumzike. Bibi harusi ataletwa na gari yake yeye. Alisema kwa upole.

Upole ndio uliniuma.

Pijo yangu ni Peugeot 504, ya mwaka 1978. Niliinunua 1995. Valary alitoka hospitalini akiwa wa siku mbili kwenye kiti cha nyuma cha gari hii. Ataenda kanisani kwenye kiti hicho hicho. Basi!

Jioni nilimpigia Valary simu. Akanipa sharti: "Baba, ikipanda kutoka Chepseon mpaka Kedowa bila kuchemka, hata mara moja tu kabla ya harusi, nitaingia. Ikichemka, naenda na baba Kipyegon."

Nimekubali. Nilifanya kazi kiwanda cha majani chai miaka ishirini na saba, chumba cha kunyausha. Kazi yangu ilikuwa joto na upepo tu. Nani atanifundisha joto?


Alhamisi, 4 Desemba

Nimegundua tatizo. Si maji. Ni petroli! Mpira wa petroli unapita karibu na ekzosti. Petroli inachemka humo ndani kabla ya kufika kwenye kabureta. Injini inakosa chakula, inakasirika, inapata homa.

Dawa: pegi za nguo. Za mbao. Unazibana kwenye mpira, mbao inanyonya joto. Meneja mmoja wa zamani wa kiwanda alifanya hivyo, nilimwona kwa macho yangu.

Nilichukua pegi kumi na nne kwenye kamba ya Kemuma. Zilikuwa na kazi nyingine wakati huo, sikatai. Shuka mbili zilipeperuka mpaka kwenye majani chai ya jirani. Kemuma hakupiga kelele. Aliuliza tu kama hizo pegi zitavaa suti siku ya harusi.

Jaribio la kwanza: kutoka nyumbani kuelekea Kericho. Pijo ilichemka karibu na geti la chuo kikuu hapa Kabianga. Wanafunzi walinisukuma. Mmoja alifungua boneti, akaona pegi, akawaita wenzake. Walipiga picha nyingi. Kijana mmoja aliniambia anasomea fizikia na hajawahi kuona kitu kama hicho.

Nilimshukuru. Mtaalamu akisema hajawahi kuona, maana yake ni uvumbuzi.


Jumamosi, 6 Desemba

Sabato. Sikugusa gari. Niliiangalia tu, kutoka dirishani, kama dakika arobaini.

Mahubiri yalikuwa juu ya tanuru la moto na wale vijana watatu ambao hawakuungua. Nilitetemeka. Ujumbe ulikuwa wangu moja kwa moja! Nilitoa kalamu, nikachora ekzosti nyuma ya bahasha ya sadaka. Mzee Omwenga aliegemea akaniuliza kwa sauti ya chini hiyo ni nini. Nikasema tanuru. Akaguswa sana. Akaniombea.


Jumatatu, 8 Desemba

Nguo za maji! Ndiyo siri. Hata mtu mwenye homa unamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Nilichukua magunia mawili, nikayalowesha usiku kucha kwenye ndoo, asubuhi nikaifunga ekzosti yote kwa waya, kutoka kwenye injini mpaka chini. Kazi safi. Ilionekana kama mgonjwa aliyetoka hospitali kubwa.

Kwa dakika kumi, mafanikio makubwa! Mshale haukutikisika. Nilikuwa tayari ninatunga ujumbe wa kumtumia Kiplimo. Halafu magunia yakakauka.

Sitasema kulikuwa na moto. Kulikuwa na moshi, mwingi, na mahali fulani ndani ya moshi kulikuwa na rangi nyekundu kidogo. Akina mama waliokuwa wakichuma majani chai kando ya barabara waliacha vikapu wakaja mbio na udongo. Waliifukia injini yangu kama viazi. Mama mmoja aliendelea kurusha hata baada ya moshi kuisha.

Aliyenivuta nyumbani ni Noah, fundi wa hapa sentani, pale madukani. Noah ana maneno machache na masikio makubwa. Alisikiliza injini, akagonga rejeta ya maji kwa kidole mara mbili, akasema imeziba. Maji hayazunguki. Akasema nimpe siku moja.

Nilicheka. Rejeta hiyo imekaa hapo miaka arobaini na saba bila kufunguliwa. Ingekuwa na tatizo si tungejua?

Noah aliniangalia, kisha akamwangalia Kemuma. Sikupenda jinsi walivyoangaliana.


Jumanne, 9 Desemba

Leo ni siku ya upepo! Kule kiwandani, majani yakipata joto hatukuyafunga magunia, tuliyapigia feni. Nilisahau elimu yangu mwenyewe.

Nilipata feni ya umeme Kericho, imetolewa kwenye gari lililogongwa. Kubwa. Nikaifunga mwenyewe nyuma ya rejeta, kwenye nyaya mbili za gari, nyekundu na nyeusi. Nyaya za feni yenyewe zilikuwa zimefifia zikawa kijivu zote mbili, kwa hiyo nilichagua kwa imani.

Feni ina nguvu ajabu! Nilisimama mbele ya gari, kofia yangu ikaruka nyuma kabisa. Nikaweka gazeti mbele ya rejeta. Likapaa mpaka kwa ng'ombe. Kemuma aliuliza kama upepo haufai kuingia badala ya kutoka. Nikamweleza kwamba joto liko ndani na linatakiwa nje, kwa hiyo feni inalitoa. Hakuna kitu rahisi kuelewa kama hicho.

Jaribio: Pijo ilichemka haraka kuliko siku zote. Haraka mno. Kwenda mbio kulifanya mambo yawe mabaya zaidi, kitu cha ajabu sana, kana kwamba pepo mbili zilikuwa zinapigana ndani ya boneti.

Nimekaa kwenye nyasi nikisubiri ipoe. Ndipo Kiplimo akanipigia. Alisikia kuhusu moto wa jana. (Nani alimwambia kulikuwa na moto?) Akasema nisijichoshe bamwai, tayari ameagiza maua ya gari yake, meupe, yatafunika mbele yote.

Nilisema mtandao ni mbaya. Kisha nikaangalia kiti cha nyuma. Kuna alama pale kwenye ngozi, Valary aliichora kwa kalamu akiwa darasa la pili. Nyumba, mti, na gari lenye magurudumu matano. Macho yaliniwasha. Mvuke.


Alhamisi, 11 Desemba

Kemuma aliamka na wazo la ajabu. Gari ya harusi inatakiwa kuoshwa, hata injini, hasa ile yenye udongo wa shamba. Akasema Noah ataifanya. Nikasema sawa, kuosha tu. Asiguse ubunifu wangu.

Noah alikaa na Pijo tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Saa nane nzima za kuosha! Nilipopita, nilimkuta amekaa kivulini, na chini ya gari kulikuwa na tope jekundu la kutosha kupanda sukuma wiki. Nilimuuliza tope hilo limetoka wapi. Akasema ndani. Akina mama wale walirusha udongo kwa nguvu kuliko nilivyodhani.

Pia nilimwona akishika nyaya mbili za feni, amezichomoa. Nikamwonya. Akasema alikuwa anazipangusa tu.

Niliiwasha. Nikaiacha ingurume nusu saa nzima, imesimama, jua la alasiri limeikalia. Mshale ulifika katikati ukakaa hapo. Haukupanda. Haukushuka. Ulikaa kama mtu aliyefika kwake.

Nikafungua boneti. Pegi zangu zilikuwa bado zipo! Zote kumi na nne! Kumbe zilihitaji siku chache tu za kuzoea.

Nililia kidogo. Noah alidhani ni moshi.


Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri! Na taifa lina sababu.

Valary alikuja mapema kwa ajili ya jaribio. Alikaa mbele, mkono dirishani, macho kwenye mshale. Sikuiacha bahati ifanye kazi peke yake. Nina hila moja ya mwisho: kipashajoto cha ndani ya gari. Ukikiwasha mpaka mwisho, kinavuta joto la injini na kulileta kwa abiria. Injini inapumua. Abiria wanavumilia.

Tulivumilia. Tulipita mjini Kericho, tukapita Brooke, Valary akiwa amefungua madirisha yote manne na kutoa kichwa nje. Chepseon tukaipita polepole, kwa heshima. Kisha kilima. Ile kona ambapo Mzee Omwenga aliruka. Sikupumua. Valary pia hakupumua, lakini yeye ni kwa sababu ya joto.

Kedowa! Tumesimama kando ya wauza viazi, injini ikinguruma taratibu, boneti haina hata tone la mvuke. Nikapiga honi mara tisa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karoti alidhani nataka karoti. Nikanunua. Nilikuwa na furaha, ningenunua hata gunia.

Valary alishuka, uso unang'aa, nywele zimelowa jasho. Nilisubiri. Akaiwekea Pijo mkono kwenye boneti, kama mtu anavyomgusa ng'ombe anayemjua.

"Baba, sawa. Nitaingia."

Nilimtumia Kiplimo ujumbe wa maneno mawili: Maua rudisha. Hakujibu. Mtandao wa Kedowa ni mbaya.


Jumapili, 14 Desemba

Siku imekwisha. Nimekaa kwa veranda na chai, na nitaandika yote, maana siku kama hii haipewi mtu mara mbili.

Asubuhi walikuja wapambaji. Wasichana wanne na jora la kitambaa cheupe. Walitaka kufunga shada kubwa mbele ya Pijo, juu ya rejeta. Nilisimama mbele ya gari nimenyoosha mikono. Nikawaambia gari inapumua kwa pua kama mtu, na hakuna anayemziba mtu pua siku ya harusi. Wakaweka utepe mmoja mwembamba juu ya boneti na maua mawili kwenye vioo vya pembeni. Walinung'unika. Kiplimo, aliyekuja kutuchukua kwa msafara, aliwaambia wayalete kwake maua yote. Yake na yangu. Ile gari nyeusi ilifunikwa mbele mpaka taa hazionekani. Ilipendeza, sitakataa. Ilionekana kama keki.

Akaniambia atakaa nyuma yangu njia nzima, polepole, na maji anayo.

Valary alitoka. Sitaandika kuhusu gauni, sijui maneno ya gauni. Nitaandika tu kwamba Kemuma alinishika mkono na hakuuachilia mpaka nilipohitaji gea. Judy, dada mdogo wa Kemuma, alikaa nyuma na bibi harusi kushika gauni lisikunjike. Nikawasha kipashajoto mpaka mwisho. Judy akauliza kama hiyo ni lazima. Wote watatu tukamjibu kwa pamoja kwamba ni lazima.

Jua lilikuwa kali. Hakuna wingu hata moja juu ya majani chai. Mwendo wa harusi ni ule wa polepole, honi na taa, na kila lori la majani lilitupita likitupigia honi. Mshale: katikati. Brooke: katikati. Vipodozi vya Judy vilianza kuteremka. Mshale: katikati!

Baada ya Chepseon, kilima kilipoanza, nilisikia honi nyuma. Si honi ya harusi. Honi ya mtu mwenye shida. Niliangalia kioo. Ile keki nyeusi ilikuwa inatoa moshi mweupe katikati ya maua. Maua mengine yalikuwa yanaanguka barabarani yameiva.

Nikasimama. Pijo ikabaki inanguruma, sikuthubutu kuizima.

Kiplimo alikuwa nje, suti nzuri, amesimama mbali na gari yake kama amekutana na nyoka. Akasema haelewi. Gari ni mpya! Nikavuta shada lake kutoka mbele. Joto lililotoka hapo lilinikumbusha kiwanda. Nikamweleza, kwa upole, kwamba gari inapumua kwa pua. Tulisubiri ipoe, tukachukua mtungi wake wa lita ishirini, na mimi kwa mkono wangu mwenyewe nikammiminia maji yake kwenye gari yake. Sikusema neno lingine. Ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya.

Alicheka yeye kwanza. Akanishika bega, akasema, "Bamwai, leo umenipiga." Tukacheka wote wawili kando ya barabara mpaka Kemuma akapiga honi.

Bibi harusi alikuwa amechungulia. Niliporudi niliona amepandisha gauni kidogo kupata hewa, na miguuni amevaa gumbuti. Zile za mpira, za kukamulia ng'ombe! Viatu vyeupe vilikuwa kwenye mfuko kando yake.

Nikamuuliza za nini.

"Za kusukuma, Baba," akasema. "Ningeingia tu hata ingechemka. Lile sharti lilikuwa la kukupa kazi. Ulikuwa unaogopa hii harusi."

Sikuweza kuendesha kwa dakika moja nzima. Kemuma alinipa leso bila kugeuka.

Tulifika Kedowa tukiwa tumelowa jasho wote wanne, kama tumevuka mto. Kwaya ilisimama. Kipyegon alifungua mlango, akapigwa na joto usoni, akarudi hatua moja, kisha akampa Valary mkono akiwa anacheka. Bibi harusi alibadilisha viatu hapo hapo, ameegemea boneti. Boneti ilikuwa ya uvuguvugu tu! Uvuguvugu!

Kwenye hotuba Kiplimo aliwaambia watu mia tatu kwamba hakuna mtu anayejua joto la gari kama bamwai wake. Watu walipiga makofi. Noah pia alikuwepo, meza ya nyuma. Alipiga makofi mengi kuliko wote, na alikuwa anamwangalia Kemuma.


Jumatano, 17 Desemba

Kemuma ameniambia ukweli. Rejeta ilikuwa imeziba kabisa, Noah aliifungua akaisafisha, akageuza nyaya za feni. Pegi hazikufanya kitu.

Nimemsamehe Noah. Kijana alifanya anachoweza, na ni vizuri ajione amesaidia. Nimempelekea jogoo. Yeye na mimi tunajua, au angalau mimi najua, kwamba tope kidogo haliwezi kuzidi akili za mtu wa chumba cha kunyausha.

Sasa jambo muhimu. Jumapili ijayo tunakwenda kuwatembelea watu wa Kiplimo upande wa Bomet, safari ndefu. Nimekuwa nikifikiri juu ya joto lile lote la ekzosti. Linapotea bure! Nimeunda kishikio cha mabati juu yake, birika linakaa sawasawa. Maji, majani, maziwa, sukari. Ukitoka Kabianga na maji baridi, unafika na chai moto kwa wakwe. Hakuna mkwe katika historia aliyewahi kuletewa hivyo. Kando ya birika kuna nafasi ya mahindi manne.

Leo nimejaribu. Nimezunguka sentani saa nzima. Chai imebaki ya uvuguvugu. Mahindi mabichi.

Shida nimeiona mara moja: Pijo imepoa mno. Hii rejeta safi inafanya kazi kupita kiasi. Kesho asubuhi, kabla Kemuma hajaamka, nitaiwekea kadibodi mbele.